SAUTI INAFIKA, LAKINI MANENO HAYAFIKE
Somo juu ya kupima mvumo wa chumba kwa njia ya sauti iliyonaswa



Kwa kawaida ukurasa huu wa masomo unaletwa na mwalimu. Safari hii Profesa wa Fizike ametuachia sisi wa mwaka wa mwisho, kwa sababu somo lenyewe lilianza kwa kosa letu. Msome mpaka mwisho, hata nyinyi ambao hesabu inawatisha. Hesabu ya hapa ni kuzidisha na kugawanya tu.

1. MAMBO YALIVYOANZA

Siku ya tano moja, mangaribi, wadogo wa enterna wa darasa la 7 na la 8 walikusanyika katika chumba kikubwa cha mikutano. Walikuwa karibu 60. Tangazo lilisomwa kwamba kesho asubui darasa la 8 wapite kisimani kwanza, kiisha wafike jikoni. Asubui wale waliokaa mbele walikuwa kisimani na mabidoni yao. Lakini wengine 14, wote wa viti vya nyuma, walikuwa wamesimama mlangoni pa jikoni, mikono imeoshwa, wanangojea masufuria. Mama wa jikoni akashangaa, akawauliza nani aliwatuma. Wakajibu kwamba walisikia "wapike". Maji hayakutosha, na chakula cha shule nzima kilichelewa.

Sisi mkubwa wa wanafunzi tuliandika majina 14 katika kaye ya nidhamu, na mbele ya majina tukaandika: "Hawakusikiliza tangazo." Walikata majani siku mbili za posho. Kiisha mmoja wao akatufuata, akasema: "Yaya, siye huku nyuma hatusikiake muzuri. Sauti inafika, lakini maneno hayafike."

Tulimjibu kwamba sisi tulisikia kila neno. Na ni kweli tulisikia, kwani tulikuwa tumesimama hatua mbili tu toka kwa msomaji. Mabishano yalifika mpaka kwa Profesa wa Fizike. Yeye hakuuliza nani ana haki. Alisema: "Musibishane. Mupime." Akatupa telefone yake tunase sauti, na ruhusa ya kutumia ordinatere ya ofisi saa za jenereta.

2. MWANGWI SI MVUMO

Tuanze na kitu ambacho kila mtu anakijua. Ukisimama mbali na mlima ukaita, unasikia jina lako linarudi mara moja, wazi kabisa. Huo ni mwangwi. Sauti inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde moja hewa ikiwa na joto la digri 20. Mlima ukiwa mita 343 toka kwako, sauti itarudi baada ya sekunde 2, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Ndani ya chumba mambo ni mengine. Sauti inapiga ukuta, inarudi, inapiga sementi ya chini, inapanda kwenye manjanja, inapiga ukuta ingine. Kwa nusu ya sekunde imekwisha kupigapiga mara nyingi sana, na sikio haliwezi tena kuhesabu. Linasikia kitu kimoja kinachovuma na kupungua polepole. Huo ndio tunaouita mvumo.

Mvumo kidogo ni muzuri. Sauti inayorudi mbiombio, ndani ya sehemu ya 20 ya sekunde, inajiunga na ile ya kwanza na kuipa nguvu. Inayochelewa zaidi ndiyo inaleta fujo. Angalieni maneno haya matatu: wapite, wapike, wapige. Tofauti ni herufi moja tu, t ao k ao g. Herufi hiyo ni fupi na nyonge. Mbele yake kuna "i" ya "pi", iliyotamkwa kwa nguvu. Chumba kikiwa na mvumo mrefu, ile "i" inakuwa bado inazunguka kwenye manjanja wakati "t" inapotoka mdomoni. "I" ya zamani inafunika "t" mpya. Mtu wa nyuma anasikia "wapi...e", na kati anaweka herufi anayoikisia. Yule aliyesikia "jikoni" mwishoni atakisia "wapike". Siye tungefanya vilevile.

3. MTU ALIYEANZA KUPIMA

Mwaka 1895, katika chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, nyumba mpya ya Fogg Art Museum ilifunguliwa. Ndani yake kulikuwa chumba cha kufundishia ambamo wanafunzi hawakuelewa mwalimu. Mkubwa wa chuo alimwomba mwalimu kijana wa fizike, Wallace Sabine, mwenye miaka 27, atafute dawa.

Sabine hakuwa na telefone wala mashine ya kunasa sauti. Alitumia bomba la kinanda lililopulizwa kwa hewa iliyofungwa katika tangi, saa ya kupimia, na masikio yake. Alifanya kazi usiku, wakati mji umenyamaza. Alipuliza bomba, akalisimamisha kwa ghafula, akahesabu sekunde mpaka asisikie tena kitu. Chumba kikiwa kitupu, sauti ilidumu zaidi ya sekunde 5. Fikirini: kwa sekunde 5 mwalimu anaweza kusema sentensi nzima, na mwanzo wake bado unavuma.

Kiisha Sabine na wasaidizi wake walianza kubeba mito ya viti toka ukumbi ingine wa chuo, Sanders Theatre, wakaipanga katika chumba kile, na kuirudisha mbele ya kupambazuka. Kila walipoongeza mito, mvumo ulifupika. Hata nguo za yule anayepima zilibadilisha hesabu, kwa hiyo alijilazimisha kuvaa nguo zile zile. Kwa kipimo cha kumeza sauti alichagua dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti inayotoka dirishani hairudi tena. Kitu kinachomeza sauti sawa na mita 1 ya mraba ya dirisha wazi kinahesabiwa 1.

Mwaka 1898 alipata kanuni ambayo hata leo wajenzi wanaitumia:

T = 0.161 × V ÷ A

T ni muda wa mvumo kwa sekunde. V ni ukubwa wa chumba kwa mita za ujazo. A ni jumla ya kumeza sauti, kwa mita za mraba za dirisha wazi. Kwa maneno ya kawaida: chumba kikubwa kinavuma sana, na chumba chenye vitu vya kumeza sauti kinavuma kidogo. Kanuni hiyo ilimsaidia kushauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900. Mpaka leo inahesabiwa kati ya nyumba za muziki zinazosifiwa sana duniani.

4. KUNASA SAUTI

Siku hizi muda wa mvumo ni ule ambao sauti inatumia kupungua desibeli 60, maana yake nguvu yake inabaki sehemu moja ya milioni. Ili kuuona tunahitaji sauti fupi na kali, kiisha kimya.

Watu wengine wanapasua baluni. Sisi tulichukua mbao mbili za useremala, tukazigonganisha kwa nguvu mara moja. Tulifanya hivi:

a) Tulingoja saa nne ya usiku, enterna wote wamelala na jenereta imezimwa. Mvua ikinyesha juu ya manjanja msijaribu hata kidogo. Hakuna kitakachoonekana.
b) Mwenye mbao alisimama pahali pa msomaji. Telefone iliwekwa juu ya kiti, mbali naye mita nyingi na mbali na ukuta zaidi ya mita 1.
c) Baada ya kila pigo tulinyamaza kimya sekunde 10. Mtu akikohoa, tunaanza tena.
d) Tulihamisha telefone pahali 6, na kila pahali tulipiga mara 3. Pahali pamoja panaweza kudanganya. Pengi pamoja panasema ukweli.

5. KUSOMA MCHORO

Kesho yake tulifungua sauti zile katika ordinatere, kwa programu ya bure inayoitwa Audacity. Programu hiyo inaweza kuonyesha sauti kwa desibeli. Katika mchoro huo pigo linapanda kama mlima mkali, kiisha linashuka kama mteremko wa kilima, mpaka likutane na uwanda. Uwanda ule ni kelele ndogo za usiku, wadudu na upepo. Chini yake hatuoni tena kitu.

Hapa kuna shida. Tunatafuta desibeli 60, lakini mbele ya kufika 60 mteremko umekwisha kuzama katika kelele. Wapimaji wanafanyaje? Wanapima kipande kilicho wazi, kiisha wanazidisha. Hawaanzi kileleni kabisa, kwa sababu pale kuna lile pigo lenyewe. Wanaanza sauti ikishuka 5, wanamaliza ikishuka 25. Hizo ni desibeli 20. Muda wake wanazidisha mara 3. Kama usiku ni kimya sana, wanatoka 5 mpaka 35, na kuzidisha mara 2. Ndivyo inavyoagizwa pia na kanuni ya kimataifa ISO 3382.

Pahali pa kwanza, mchoro ulishuka desibeli 5 kwenye sekunde 0.15, na desibeli 25 kwenye sekunde 1.22. Tofauti ni 1.07. Zidisha kwa 3, unapata sekunde 3.2. Pahali pengine palitupa 3.1 na 3.3. Wastani ulikuwa 3.2.

Mteremko wenyewe si laini, una menomeno kama msumeno, na macho yanaweza kubishana. Dawa yake ilitolewa mwaka 1965 na Manfred Schroeder, Mjerumani aliyefanya kazi katika maabara ya Bell kule Marekani. Tuieleze kwa mfano wa bidoni. Bidoni lenye tundu linamwaga maji. Ukiangalia maji yanavyotoka, yanaruka, mara mengi, mara machache, huwezi kusoma kitu. Lakini ukiuliza kila mara "ndani kumebaki maji kiasi gani?", jibu linashuka laini bila kuruka. Schroeder alifanya hivyo na sauti. Badala ya kuangalia nguvu ya kila nukta, alijumlisha nguvu yote iliyobaki toka nukta ile mpaka mwisho. Kwa hiyo ni lazima kunasa sauti kwanza, kiisha kuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Sikio la Sabine halingeweza kazi hiyo. Sauti iliyonaswa inaiweza.

6. HESABU YA CHUMBA CHETU

Chumba kina urefu wa mita 20, upana mita 10, na tukihesabu mteremko wa manjanja, kimo cha wastani mita 5. V ni 1000. Sasa tugeuze kanuni ya Sabine:

A = 0.161 × 1000 ÷ 3.2 = karibu 50

Maana yake chumba chetu chote, kuta, sementi, manjanja na viti vya mbao, kinameza sauti sawa na dirisha wazi la mita 50 za mraba. Kwa chumba kikubwa namna hii ni kidogo. Mambo haya tuliyajua bila kupasua ukuta, kwa kusikiliza tu mbao mbili zinavyokufa.

Kiisha Profesa aliomba ruhusa, tukarudia kipimo kukiwa wanafunzi 110 wamekaa kimya. (Kuwanyamazisha ilikuwa kazi kubwa kushinda fizike.) Mvumo ulishuka mpaka sekunde 1.6. Kwa hiyo A ilikuwa karibu 100. Watu 110 waliongeza 50, basi kila mwanafunzi na nguo zake anameza karibu 0.45. Mwili wa mtu ni mto wa Sabine.

Sasa turudi kwenye ile siku ya tano, wadogo 60 peke yao. 60 × 0.45 = 27. Ongeza 50, ni 77. 161 ÷ 77 = sekunde 2.1. Kwa maneno ingine, tangazo lilisomwa katika chumba ambamo kila neno lilibaki likizunguka zaidi ya sekunde 2.

Kumbe kwa nini sisi tulisikia? Karibu na msomaji, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja inashinda mvumo. Kadiri unavyorudi nyuma inapungua, lakini mvumo unabaki karibu sawa chumbani kote. Kuna umbali ambapo nguvu hizi mbili zinalingana. Kwa sauti inayotawanyika pande zote sawasawa, umbali huo ni karibu 0.057 mara kipeuo cha pili cha V ÷ T. Kwetu: 1000 ÷ 2.1 ni 476, kipeuo chake karibu 22, zidisha kwa 0.057, unapata mita 1.2. Mdomo unatupa sauti zaidi mbele, kwa hiyo umbali unaongezeka kidogo. Hata hivi, yule tu aliyesimama hatua moja ao mbili njo alikuwa ndani ya sauti safi. Hatua mbili! Pale pale tuliposimama sisi na kaye ya nidhamu mkononi. Viti vya kwanza bado vinapata kiasi cha kutosha kuelewa. Kiti cha mwisho, mita 18 nyuma, kinapata mvumo karibu mtupu.

7. NA KAMA HAKUNA MBAO?

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa 3 aliuliza: "Na kama mutu hakupiga mbao? Kama tuko tu na sauti ya mutu anasema?" Ulizo hili ni zuri, na wataalamu wa leo wanalifanyia kazi sana. Mashine zinazoandika maneno ya watu, ao zinazosaidia masikio ya viziwi, zinapashwa kujua chumba kinavuma namna gani, na hakuna anayewapigia mbao. Mwaka 2015 watafiti wa Imperial College London waliandaa shindano lililoitwa ACE, ambamo kila kundi lilijaribu njia yake ya kukisia mvumo kutoka kwa sauti za watu wanaosema, pamoja na kelele.

Ginsi ya kufanya ni hii: tafuta pahali msemaji anapokata neno na kunyamaza. Hapo chumba kinabaki kinasema peke yake. Mteremko wa pale unafanana na ule wa mbao. Tulijaribu. Tulimwomba msomaji asome tena tangazo kwa wadogo wale wale 60, telefone ikiwa nyuma. Katika vituo virefu tulipata kati ya 2.2 na 2.6. Hesabu yetu ilisema 2.1. Kwa nini sauti ya mtu ilitoa zaidi? Kwa sababu mtu hakati sauti kama mbao. Mwisho wa neno mdomo wenyewe unapunguza polepole, na mteremko wa mdomo unajiunga na ule wa chumba. Kwa hiyo miteremko mikali kushinda yote njo inayokaribia ukweli. Tena kulikuwa kikohozi na viti kulia. Tuliona vizuri desibeli 10 tu, tukazidisha mara 6, na kosa dogo nalo lilizidishwa mara 6.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 Ivan Dokmanić na wenzake wa chuo cha EPFL kule Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba kwa mikrofoni chache na hesabu ya mwangwi wa kwanza kwanza, unaweza kujua kuta za chumba ziko wapi. Walijaribu hata katika kanisa kuu la Lausanne.

8. MITEGO

Atakayejaribu ajihadhari na mitego hii, kwa sababu sisi tulianguka ndani yake.

Wa kwanza: telefone nyingi zinapandisha sauti zenyewe wakati inaponyonyoka, kwa nia ya kukusaidia. Mvumo unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Zingine zinafuta kila kitu kidogo zikifikiri ni kelele, na mvumo unaonekana mfupi. Tafuteni namna ya kunasa bila msaada huo. Vipimo vyetu vya usiku wa kwanza tulivitupa vyote.

Wa pili: ukipiga mbao karibu sana na telefone, kilele kinakatwa. Mchoro unaonyesha uwanja tambarare juu ya mlima. Hicho hakifai.

Wa tatu: mvumo si sawa kwa sauti nene na nyembamba. Blanketi inameza sauti nyembamba, lakini ngoma inapita. Tarakimu moja ni muhtasari tu.

Wa nne: kelele ya mvua si mvumo. Chumba chenye T nzuri kinaweza kushindwa kabisa siku ya mvua. Hiyo ni shida ingine na inataka dawa ingine.

9. TULIFANYA NINI

Kule Marekani kanuni ya mwaka 2002 ilitaka darasa lisilozidi mita 283 za ujazo livume si zaidi ya sekunde 0.6, likiwa halina watu. Siye tuko na 3.2, katika chumba kikubwa zaidi. Hatuna feza ya dari. Tulichokuwa nacho ni mablanketi. Kwa ruhusa tulitundika 24 kwenye ukuta wa nyuma na pembeni, si kwa kuyabandika bali yakiwa na mikunjo na nafasi nyuma yake. Chumba kitupu kilishuka toka 3.2 mpaka 2.0. Maana yake A ilitoka 50 ikafika 80. Na wadogo 60 ndani, hesabu inatoa karibu 1.5. Si mwisho wa shida, lakini wa nyuma walisema herufi zimerudi.

Mablanketi yalirudi vitandani usiku ule ule, kama mito ya Sabine. Kwa hiyo tulipeleka kwa Bwana Prefe maombi matatu yasiyo na bei, naye ameyakubali. Kwanza, kundi dogo likusanyike katika darasa, si katika chumba kikubwa. Pili, ikiwa ni lazima chumba kikubwa, wakae wote mbele, na msomaji asome polepole, akinyamaza kidogo kila baada ya sentensi. Tatu, tangazo la kazi liandikwe pia kwenye tablo.

Ombi la nne lilikuwa juu ya kaye ya nidhamu. Mkubwa wa Nidhamu alituambia kwamba majani yaliyokatwa hayawezi kurudishwa, lakini yaliyoandikwa yanaweza kusahihishwa. Tulipiga mstari juu ya yale maneno "Hawakusikiliza tangazo", mbele ya majina yote 14, na kwa mkono wetu tukaandika: "Hawakusikia. Chumba kimepimwa." Kiisha tuliwaita wadogo wale, tukawaomba msamaha wakiwa wamekaa pale pale nyuma. Na sisi tulikwenda kusimama kule kule, mita 18, wakati tangazo la siku ile lilisomwa. Tulielewa nusu yake.

Sasa mkubwa wa wanafunzi anasimama nyuma. Tunamwachia desturi hii yule atakayetufuata.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Unapiga mbao mbele ya ukuta, na mwangwi unarudi baada ya sehemu ya 10 ya sekunde. Ukuta uko mbali mita ngapi? (Kumbuka kwenda na kurudi.)
2. Darasa lina urefu wa mita 8, upana 7, kimo 3. Likiwa tupu linavuma sekunde 1.8. A ni ngapi?
3. Darasa lile lile likiwa na wanafunzi 40, kila mmoja 0.45, litavuma sekunde ngapi?
4. Eleza kwa maneno yako kwa nini "wapite" ilisikiwa "wapike".

Majibu: 1) karibu mita 17. 2) karibu 15. 3) karibu 0.8. La 4 mtalileta kwetu kwa karatasi, na jibu zuri kushinda yote litachapwa katika toleo linalofuata. Wa viti vya nyuma wajibu kwanza.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya mwaka wa mwisho